Badilisha Chombo Kabla ya Kupika Upya: Jinsi ya Kuhamisha DVD za Nyumbani Hadi Runinga ya Sasa

Shangazi yangu wa Shinyalu, ambaye kwa Kiluhya chetu namwita senje, huweka diski tatu ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Ya kwanza ni DVD ya harusi yake ya mwaka 2008. Ya pili ni DVD ya mazishi ya babu. Ya tatu ni VCD ya fahali wakipigana Khayega, enzi ambapo ndugu zake walikuwa bado na fahali wa kushindana. Mashine yake ya DVD ilikufa kitambo. Krismasi iliyopita binamu yangu alimletea runinga ya Android kutoka Nairobi, nami nikakabidhiwa mkebe, pamoja na flashi yenye video ya mahafali ya binamu huyo pale Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, niende mjini Kakamega kwa fundi "azitie zote mahali pamoja."

Fundi alizitia kabla chai yangu haijapoa. Jioni tulipochomeka flashi, harusi ilitoa picha bila sauti. Mazishi yalikatika pasta akiwa katikati ya mahubiri. Video za fahali na mahafali hazikuonekana hata kwenye orodha. Senje alikitazama kile kioo kikubwa, akanigeukia.

"Mwanangu, si ndiyo hii mnayoiita runinga yenye akili? Mbona haimjui babu yako?"

Swali hilo lilinila wikendi mbili, na mwongozo huu ndio jibu lake. Umeandikwa kwa yeyote mwenye diski au faili za nyumbani ambazo runinga, kijiti cha Android TV au kisanduku chake kinazikataa. Ukisahau mengine yote, shika hili: gusa faili kidogo uwezavyo. Mara nyingi inahitaji kubadilishiwa chombo tu. Ikilazimu kupikwa upya, ipike mara moja, kwa uangalifu, na nakala ya asili usiiguse.

Unachohitaji

Tafuta kompyuta yenye mdomo wa DVD. Laptopu mpya nyingi hazina, lakini kuna midomo ya nje inayochomekwa kwa USB, na rafiki mwenye laptopu kuukuu atakufaa vilevile. Acha nafasi ya kama gigabaiti 10 kwa kila diski: DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, nawe utahitaji pa kuweka nakala ya asili na pa kuweka kazi mpya.

Programu ni nne na zote ni za bure: VLC ya kuchezea, MediaInfo ya kuchunguza faili, HandBrake ya kubadilisha, na FFmpeg kwa wasioogopa kuandika amri. Zipakue kwenye intaneti ya saiba au ya chuo ikiwa bando lako ni dogo, na uzitoe kwenye tovuti zake rasmi pekee. Ya HandBrake ni handbrake.fr. Kwenye Windows, HandBrake huomba pia kifurushi cha .NET Desktop Runtime. Kipakue palepale, usije ukakikosa ukiwa umeshafika kijijini.

Hatua ya kwanza: iokoe diski

Diski za kuchomwa nyumbani huhifadhi data kwenye rangi maalumu, nayo rangi hiyo huchakaa, hasa diski ikikaa juani au kwenye joto. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kunakili, mambo ya kubadilisha yaje baadaye.

Futa diski kwa kitambaa laini, kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe mkono kama anayepangusa sahani: mkwaruzo unaofuata mduara huharibu data nyingi zinazofuatana kuliko ule unaokata njia. Kisha nakili folda yote ya VIDEO_TS hadi kwenye kompyuta. Ikikwama, jaribu mdomo wa DVD wa kompyuta nyingine kabla ya kukata tamaa. Nimewahi kuona diski ikikataliwa na mashine mbili na kupokelewa na ya tatu.

Hapa ndipo lilipo jibu la mazishi yaliyokatika. DVD huikata filamu vipandevipande, VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea, na kila kipande hakizidi gigabaiti 1. Kwa ubora wa kawaida wa DVD, hiyo ni kama nusu saa. Fundi alinakili kipande cha kwanza akadhani amemaliza. Pasta hakuwa na kosa lolote. Mahubiri yaliyobaki yalikuwa kwenye kipande cha pili. Chukua folda nzima daima, na usibadilishe VOB mojamoja.

VCD ni tofauti kidogo. Fungua folda iitwayo MPEGAV. Ndani utakuta faili yenye kiishio cha .DAT. Runinga haitambui kiishio hicho, ndiyo maana fahali wa senje hawakuonekana kwenye orodha. VLC ya kompyuta huifungua bila taabu, na wakati mwingine kubadilisha .DAT kuwa .mpg kunatosha kuifanya runinga iione. Jaribu hilo kwanza, halichukui hata dakika moja.

Hatua ya pili: funua sufuria uone kilichomo

Kiishio cha faili, kama vile .mp4, .mkv, .avi au .mov, hutaja chombo tu. Hiyo ni sufuria. Ndani ya sufuria mna picha, mna sauti, na pengine manukuu. Kila kimoja kimepikwa kwa njia yake, na njia hiyo ndiyo huitwa kodeki. Sufuria mbili zinazofanana zaweza kuwa moja ina mchele na nyingine ina mtama. Runinga inaposema haiwezi kucheza faili, huenda haiijui sufuria, huenda haili kilichomo. Tatizo la kwanza huisha kwa sekunde. La pili hula saa nzima au zaidi. Ndiyo maana lazima ujue unapambana na lipi.

Fungua faili kwa VLC kwenye kompyuta, kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Utaonyeshwa kodeki ya picha na ya sauti. MediaInfo hueleza zaidi. Utakayoyakuta mara nyingi ni haya:

- MPEG-1: picha za VCD, ukubwa wa 352 kwa 288.
- MPEG-2: picha za DVD, 720 kwa 576 kwa diski nyingi za hapa kwetu, kwa kuwa Kenya ilifuata mfumo wa PAL wenye picha 25 kwa sekunde.
- Xvid au DivX: filamu nyingi za AVI za miaka ya 2000.
- H.264: mfinyo uliotoka mwaka 2003, ambao leo husomwa na karibu kila kifaa.
- H.265: mdogo wake wa mwaka 2013. Faili huwa ndogo zaidi, lakini vifaa vya zamani havimjui.

Kwa upande wa sauti utakuta AAC, MP3, AC-3 ya Dolby, DTS, au PCM isiyofinywa kabisa.

Kama huna hakika uchague nini, chagua H.264 na AAC ndani ya chombo cha MP4. Kenya ilipozima matangazo ya analogi mwaka 2015 ilihamia mfumo wa DVB-T2 pamoja na mfinyo wa MPEG-4, na mfinyo huo ndio H.264 kwa jina lingine. Kwa hiyo hata king'amuzi kile kidogo cha bei nafuu, kama kina tundu la USB na sehemu ya kuchezea video, tayari kina kifaa cha kufungulia H.264 tumboni mwake.

Hatua ya tatu: jaribu tiba ya bei nafuu

Kabla ya kubadilisha chochote, weka VLC kwenye runinga yenyewe. Runinga na visanduku vya Android huipata kwenye duka la Google Play. Programu ya kuchezea inayokuja na runinga hula vyakula vichache tu. Wakati mwingine haisomi sauti ya AC-3 kwa kuwa mtengenezaji hakulipia leseni. VLC hubeba kodeki zake mwenyewe.

Ndivyo sauti ya harusi ya senje ilivyorudi. Fundi alikuwa ameunganisha vipande vyote ndani ya MKV moja, picha ya MPEG-2 na sauti ya AC-3. Programu ya runinga ilionyesha bibi harusi akisogeza midomo kimya. VLC ikampa sauti.

Kama faili zako zote zinacheza hivyo, na runinga ni hiyo moja tu, unaweza kuishia hapa ukarudi kwenye shughuli zako. Endelea ikiwa picha inakwamakwama, ikiwa unataka video hiyo ichezwe pia kwenye simu za watoto na king'amuzi cha jirani, au ikiwa faili ni kubwa mno.

Hatua ya nne: badilisha chombo

Video ya mahafali ilikuwa .MOV iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya mpiga picha. MediaInfo ilinionyesha kwamba picha tayari ni H.264. Vilivyokuwa na shida ni chombo cha MOV, ndiyo maana video haikuonekana kwenye orodha, na sauti, PCM. Kuipika picha hiyo upya kungekuwa kupoteza ubora na muda, kwa sababu kila upishi mpya hupunguza kitu. Nikaiacha picha kama ilivyo, nikaipika sauti peke yake:

ffmpeg -i mahafali.mov -c:v copy -c:a aac -b:a 160k mahafali.mp4

Isome hivi: chukua mahafali.mov, picha inakili tu, sauti igeuze iwe AAC ya kilobiti 160 kwa sekunde, weka vyote ndani ya mahafali.mp4. Ilikwisha kabla sijaketi vizuri.

Ikiwa picha ni H.264 na sauti ni AAC tayari, lakini zimo ndani ya MKV, hakuna cha kupika hata kidogo:

ffmpeg -i filamu.mkv -c copy filamu.mp4

Hiyo ni sawa na kuhamisha ugali kutoka sufuriani hadi kwenye sahani. Ugali ni uleule. Jambo moja la kuangalia: manukuu yaliyomo ndani ya MKV yanaweza kukataa kuingia MP4. Yakileta ubishi, yaweke pembeni kama faili ya .srt yenye jina lilelile la filamu, katika folda ileile. Vichezeo vingi huitafuta vyenyewe.

Hatua ya tano: ikibidi kupika, pika hivi

Kwa MPEG-1, MPEG-2 na Xvid utatumia HandBrake. Fuata mpangilio huu.

*Fungua folda nzima.* Chagua VIDEO_TS yote, na HandBrake itaunganisha vipande yenyewe, ikuonyeshe orodha ya vichwa na urefu wa kila kimoja. Kile kirefu ndicho filamu. Vifupi huwa ni menyu na nembo ya mpiga video.

*Anza na mpangilio uliotayarishwa.* Kwa DVD ya PAL chagua "Fast 576p25". Kwa video kubwa za kamera za kisasa chagua "Fast 1080p30". Hakikisha fomati ni MP4, na utie alama kwenye "Web Optimized", ambayo huweka faharasa ya faili mwanzoni ili video ianze upesi inapochezwa kupitia mtandao.

*Usikuze picha.* VCD ina mistari 288 tu. Ukiilazimisha iwe 1080 utapata faili nzito yenye ukungu uleule. Fahali hakamwi, hata ukimfunga zizini mwaka mzima. Acha ukubwa wa asili, runinga itaukuza yenyewe wakati wa kuonyesha. Tazama pia umbo la watu. DVD nyingi za zamani ni za umbo la nne kwa tatu. Kama babu ameanza kunenepa, kuna mahali picha imevutwa. Acha mpangilio wa vipimo ubaki "Automatic", na runinga nayo iambiwe isijaze kioo kwa nguvu.

*Shughulikia meno ya kitana.* Hapa usiende haraka, kwa sababu ndipo video nyingi za kwetu huharibikia. Kamera za PAL za wakati ule hazikuchora picha 25 kamili. Zilichora nusu picha 50 kila sekunde: mistari ya witiri kwanza au ya shufwa kwanza, kisha mingine. Runinga ya kioo kinene ilizionyesha nusu hizo kwa zamu na jicho likaona mwendo laini. Kioo cha leo kikizibandika pamoja, kila kinachokwenda kasi huota meno kama kitana.

Katika harusi ya senje palikuwa na isukuti. Wapigaji walishika ngoma zao, ile kubwa na zile ndogo, na wachezaji wakatikisa mabega kama tunavyojua sisi. Kwenye faili ya fundi, mabega yale yalikuwa vipande vya meno tu. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nawaza kwamba sehemu ya ulinzi huo imo ndani ya mikebe ya biskuti, na mtu asiyejua kitufe kimoja cha HandBrake anaweza kuiharibu kwa nia njema.

Kitufe chenyewe kiko kwenye ukurasa wa "Filters", mahali pa "Deinterlace". Kwa mahubiri na hotuba, chagua "Decomb" na mpangilio wake wa kawaida. Itafuta meno palipo na meno tu. Kwa ngoma na mbio, chagua "Bob", kisha kwenye ukurasa wa "Video" weka picha 50 kwa sekunde. "Bob" huigeuza kila nusu picha kuwa picha kamili, na ule mwendo laini hurudi. Faili huongezeka ukubwa kiasi, lakini mabega yanastahili. VCD haina tatizo hili, kwa kuwa picha zake ni kamili tangu mwanzo.

*Pima ubora kwa RF.* Kwenye ukurasa wa "Video" hakikisha kodeki ni "H.264 (x264)". Kisha utaona kipimo cha ubora kiitwacho RF, ambacho huenda kinyume na mazoea: namba ikishuka, ubora hupanda na faili hukua. Kwa picha za DVD kaa kati ya 18 na 22. Mimi hutumia 20. Kwa 1080, kati ya 20 na 24 inatosha. Video za usiku zenye chengachenga hutoa faili kubwa kwa RF ileile, kwani kompyuta hujitahidi kuhifadhi kila chenga. Usishtuke, wala usipandishe RF hadi 30 ili kubana nafasi. Flashi hununuliwa, sura ya babu hainunuliwi.

*Sauti.* AAC, stereo, kilobiti 160. Zima njia za sauti usizohitaji, lakini kama diski ina lugha mbili, zibebe zote.

*Onja kwanza.* HandBrake hukuruhusu kuchagua kipande kwa sekunde. Badilisha dakika moja pekee, ile yenye ngoma au vurugu nyingi zaidi, ukaitazame kwenye runinga yenyewe. Ikipendeza, ndipo uanze filamu nzima. Dakika moja ya kuonja imewahi kuniokolea usiku mzima.

Stima ikienda

Laptopu kuukuu inaweza kumaliza DVD ya saa mbili kwa muda wa saa mbili hizohizo, au zaidi. Na Kakamega mnaijua: mawingu hujikusanya mchana, radi hupiga, na stima huaga bila kusema kwaheri. MP4 hufungwa kwa faharasa mwishoni mwa kazi. Kompyuta ikizimika ghafla katikati, kilichoandikwa hakifunguki. MKV ni mvumilivu zaidi, na kilichokwisha kuandikwa kwa kawaida huchezeka.

Kwa hiyo panga kazi asubuhi au usiku wa manane, betri ikiwa imejaa. Panga diski kadhaa kwenye foleni ya HandBrake ziende zenyewe. Kama betri yako haishiki chaji, toa MKV kwanza, kisha ukimaliza ihamishie kwenye MP4 kwa ile amri ya "copy". Radi ikianza, chomoa runinga na ruta kwenye soketi; kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Kufikisha video kwenye kioo

Njia nyepesi ni flashi. Angalia imefomatiwa vipi. FAT32 husomwa na karibu kila runinga na king'amuzi, lakini haikubali faili moja inayofika gigabaiti 4. Ukiambiwa faili ni kubwa mno ilhali flashi ya gigabaiti 32 iko tupu, sababu ni hiyo. Ukipika kama nilivyoeleza, DVD nyingi zitashuka chini ya kiwango hicho, na tatizo litaondoka lenyewe. Flashi za gigabaiti 64 kwenda juu mara nyingi huja na exFAT, ambayo runinga mpya nyingi huisoma na za zamani nyingi huikataa.

Njia ya pili ni kucheza kupitia waifai, na hapa watu wengi huogopa bure. Faili inayotoka kwenye laptopu yako kwenda kwenye runinga yako kupitia ruta ya nyumbani haipiti kwa kampuni ya simu. Haikati bando hata kidogo. Hata ruta isiyolipiwa intaneti itafanya kazi hiyo. Ukikosa ruta, washa hotspoti ya simu, zima data, unganisha laptopu na runinga kwenye hotspoti hiyo. Kwa simu nyingi za Android hilo linatosha.

Kwenye laptopu weka Jellyfin, programu ya bure iliyozaliwa mwaka 2018, uielekeze kwenye folda ya video zako. Kwenye runinga weka programu ya Jellyfin, uandike anwani ya laptopu, kwa mfano 192.168.1.5:8096. Ruhusu programu hiyo kwenye kinga ya Windows kwa mtandao wa nyumbani, na uizuie laptopu isilale. Zipakue programu hizi ukiwa na intaneti. Baada ya hapo filamu zitacheza bila intaneti. Vijiti vya kurushia kama Chromecast ni habari nyingine: hivyo hutaka intaneti hata kama faili iko chumba cha pili.

Ukicheza, tazama dashibodi ya Jellyfin. Ikisema video inachezwa moja kwa moja, umefaulu. Ikisema inabadilishwa papo hapo, na feni ya laptopu inavuma kama posho mill, runinga yako haili chakula hicho na laptopu inapika upya kila mtu anapoagiza. Rudi hatua ya pili, uipike faili hiyo mara moja, ubaki kupakua tu.

Dalili na tiba kwa ufupi

- Picha bila sauti: sauti ni AC-3, DTS au PCM. Tumia VLC, au geuza sauti peke yake.
- Sauti bila picha: picha huenda ni H.265, au H.264 ya biti 10. Pika iwe H.264 ya biti 8.
- Faili haionekani: chombo au kiishio hakijulikani, au flashi imefomatiwa kwa namna ambayo runinga haiisomi.
- Picha inakwama kwa waifai lakini si kwa flashi: sogeza ruta karibu, au punguza uzito wa faili.
- Midomo haiendi na maneno: faili ya asili ina mapengo. Nakili diski upya kwa mashine nyingine kabla ya kupika.

Yaliyo yako na yasiyo yako

DVD za harusi na mazishi hazina kufuli, na HandBrake huzifungua bila neno. Filamu za kununua huwa na kufuli, na HandBrake yenyewe haivunji kufuli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda filamu kwa miaka 50, na inakataza kuvunja kinga za kidijitali zilizowekwa na mwenye kazi. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo inayosimamia sheria hiyo. Kubadilisha kumbukumbu za familia ili familia izitazame ni jambo moja. Kujaza flashi za wateja kwa filamu za watu wengine ni biashara ya namna nyingine. Hata kwa video zenu wenyewe, ulizeni kabla ya kuzirusha mtandaoni. Aliyelia kwenye mazishi mwaka ule hakujua angeonekana na dunia nzima.

Weka daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ipe kila faili jina lenye mwaka, tukio na mahali: "2008 Harusi Shinyalu.mp4" litakufaa kuliko "VTS_01 mpya kabisa.mp4". Hifadhi folda ya asili ya VIDEO_TS pamoja na MP4 uliyopika, kwa sababu miaka kumi ijayo kutakuwa na kodeki nyingine, na utataka kupika kutoka kwenye asili, sio kutoka kwenye kiporo. Nakala mbili zikae nyumba mbili. Zetu ziko Shinyalu na kwa binamu Nairobi.

Jumamosi ya wikendi ya pili tuliketi sebuleni. Pasta alimaliza mahubiri yake. Fahali waligongana bila ukungu mpya. Isukuti ilipoanza, senje alimwonyesha mjukuu wake mchezaji wa tatu kutoka kushoto, akamtajia jina la mtu huyo, na jina la baba yake, na boma alilotoka.

Video ilipokwisha, alinyoosha mkono. Nilidhani anataka rimoti.

"Diski zangu, mwanangu."

Nikampa. Akazifuta moja moja kwa pindo la leso, akazirudisha mkebeni, akabonyeza kifuniko mpaka kikalia.

"Hii runinga nayo," alisema, "itakufa tu."